Benchi la Mbele ya Mgahawa

Gerald aliamka akiwa amechoka. Usingizi aliupata, kazi ngumu hakuifanya, lakini alikaa ukingoni mwa kitanda akiviangalia viatu vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine. Mkutano wa kitongoji ulikuwa saa nne asubuhi. Ukishakwisha, ama atakuwa amempoteza Gaudensia moja kwa moja, ama atakuwa ameyameza maneno yake mwenyewe mbele ya Haydom nzima. Katikati ya hayo mawili hakuona pa kupita.

Mtoto wa watu alikuwa ameyataka mwenyewe, hilo tusilifiche. Aliletwa na serikali kutoka Bukoba kuwa bwana afya wa kata, wakati mkoa wa Manyara ungali mchanga na watu bado wanaandika Arusha kwenye bahasha zao. Wenzake walioletwa naye waliomba uhamisho kabla hawajafungua masanduku. Yeye wiki ya kwanza tu alipeleka suruali ibadilishwe zipu kwa binti mmoja mwenye cherehani barazani. Binti akaiangalia zipu, akamwangalia na mwenye zipu, akasema, "Hii haikukatika yenyewe, bwana afya. Hizi ni chapati za mama yangu." Gerald akacheka, akarudi kesho yake na shati lisilo na tatizo lolote, na habari ya uhamisho ikaishia hapo.

Miaka minne ilikuwa imepita. Mara tatu alipeleka washenga kwa mama wa binti, mjane mwenye mgahawa ambaye kila mtu anamwita Mama Gaude. Mara ya kwanza mama alisema binti bado mdogo, na binti alishavuka miaka ishirini na tano. Mara ya pili akasema mahindi hayajaingia ndani, warudi baada ya mavuno. Mara ya tatu aliwapa washenga supu ya mbuzi, wakala, wakashiba, wakafungiwa na nyama ya kubeba, na walipofika barabarani ndipo wakakumbuka kwamba hawakujibiwa. Hakuwahi kusema hapana, na hilo ndilo lililochosha. Hapana ungeipeleka nyumbani, ukalia nayo, ukaizoea.

Sababu yake haikuwa siri. Gaudensia ni mtoto wake wa pekee, na mtumishi wa serikali ni mtu wa kuhamishwa. Leo yuko Haydom, kesho ameambiwa aende Kiteto, keshokutwa amerudi kwao na binti wa watu yuko naye ndani ya basi.

Juu ya yote hayo, Gerald akaleta habari ya mabenchi.

Mgahawa wa Mama Gaude unatazama barabara ya kwenda hospitali. Mbele yake, kuanzia dukani kwa Nicodemo hadi kwenye kona, kuna kipande cha ardhi yanapoegeshwa malori ya vitunguu na magari ya wateja wa maduka. Madereva wanashuka, wanakula kwa Mama Gaude, wanasinzia kidogo kwenye usukani, wanaondoka. Hapo hapo ndipo wagonjwa walioruhusiwa wanapongojea basi, nao hawana pa kukaa isipokuwa chini, katikati ya matairi.

Masika yaliyopita Gerald alimwona mama mmoja wa Yaeda Chini aliyejifungua kwa upasuaji, kichanga kifuani, amekaa kwenye tope kati ya malori mawili. Lori moja likaanza kurudi nyuma. Dereva hakumwona. Watu wakapiga kelele, lori likasimama limeshamfikia miguuni. Yule mama hakupiga kelele. Aliikunja miguu, akavuta khanga yake, akaendelea kungoja basi, kama mtu aliyezoea kupisha. Siku hiyo Gerald alirudi ofisini akashindwa kula. Akapendekeza kwa kata kwamba malori yahamie uwanja wa mnadani, na pale mbele ya maduka pawekwe mabenchi na paa, akae yeyote aliyechoka.

Lilikuwa wazo zuri. Ubaya wake ni mmoja tu, lilitua mlangoni kwa mama wa mwanamke anayemtaka.

"Hodi."

Sauti hiyo angeitambua hata kwenye mvua ya mawe. Alifungua mlango, na upepo wa baridi ukaingia kwanza kabla ya Gaudensia. Alikuwa amevaa sweta la bluu, shingoni amening'iniza utepe wake wa kupimia, amesahau kuuvua. Gerald akamwangalia, naye akamwangalia. Miaka minne haikuwa imemaliza kazi ya macho yale.

"Umekunywa chai?" Gaudensia akauliza.

"Sina hamu."

"Huna hamu au huna mkaa?"

"Vyote."

Alitabasamu kidogo, tabasamu likafa njiani. "Mama amenituma."

"Mama yako?" Gerald akavuta kiti, akampa. Hakukikalia.

"Amesema ukisimama leo ukawaambia watu mabenchi yasubiri kwanza, Jumapili baada ya misa ulete washenga wako. Atawajibu."

"Atawajibu nini? Supu tena?"

"Atawajibu ndiyo, Gerald."

Alilingojea neno hilo miaka minne. Aliwahi kuiwazia siku atakayolisikia, jinsi atakavyombeba Gaudensia amzungushe hadi majirani watoke nje. Sasa limefika, na alichosikia ni uchovu ukimshuka kutoka mabegani hadi magotini. Akakaa yeye kwenye kile kiti.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi?" Gaudensia akashika utepe wake kwa mikono miwili. "Mimi nimechoka. Nina miaka ishirini na tisa. Niliosoma nao wananiletea sare za watoto wao nishone. Mteja akiniuliza harusi lini, nainama natafuta sindano ambayo haijapotea. Moyo wangu unasema nikuambie ukubali. Mbao ni mbao tu."

"Basi niambie."

"Sikuambii. Yule mama wa Yaeda nilimwona na mimi, nilikuwa barazani. Mimi ndiye niliyempelekea maji. Ukikubali kwa sababu yangu, kila nikikuangalia nitamwona yule mama anakunja miguu. Nitakuwa na mume, halafu nitaanza kumkwepa macho."

"Kwa hiyo nikatae?"

"Sijasema ukatae!" Sauti yake ikapanda, ikakatika. "Usinitwishe, Gerald. Mzigo wa mama ninao. Nikibeba na wako nitaanguka."

Gerald alinyanyuka, akamshika mkono. Vidole vilikuwa na alama ndogo ndogo za sindano, na vilikuwa vya baridi. Aliviminya vipate joto. Gaudensia aliuacha mkono wake humo kidogo, akaegemeza paji la uso begani kwake, akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyetembea tangu alfajiri.

"Nimeacha maziwa jikoni," akasema, akatoka.

Saa nne ilipofika watu walikuwa wamejaa mbele ya mgahawa, wengi wamesimama kwa sababu pa kukaa ndicho hasa kitu kilichowakutanisha. Mafundi wa parokia walikuwa wameleta mabenchi mawili ya majaribio, wakayapanga pembeni ya nguzo ya baraza, na wazee wakayawahi. Pembeni kabisa lilisimama lori la Basili, dereva wa vitunguu, na mwenyewe ameliegemea kana kwamba kuna mtu atakayeliiba. Gaudensia alikaa barazani nyuma ya cherehani yake. Hakushona.

Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Joakimu, alikohoa, watu wakanyamaza.

"Ajenda ni moja. Hapa tulipo, yakae magari au wakae watu. Semeni, lakini kwa adabu."

Nicodemo mwenye duka ndiye aliyeanza. "Mimi nauza saruji. Mteja wangu ataegesha wapi? Abebe mifuko kichwani kutoka mnadani?"

"Na sisi tunaobeba wagonjwa, tunawabeba kwenye nini?" akauliza mama mmoja mnene aitwaye Perpetua, ambaye hakungoja kuruhusiwa. "Mume wangu alitoka hospitali na mshono tumboni, nikamkalisha kwenye tofali. Kwenye tofali, Nicodemo! Tena tofali lenyewe ulikuja kulidai."

Watu wakacheka. Basili akainua mkono. "Mimi sina neno na wagonjwa. Lakini vitunguu vyangu nikiviacha mnadani nikaja kula huku, nikirudi nitakuta magunia yamekonda."

"Weka utingo alinde," mtu akasema.

"Utingo ndiye anayeiba!"

Vicheko vikazidi. Nicodemo akangoja vitulie, akasema kwamba mabenchi yatajaa walevi. Perpetua akamjibu kuwa walevi wapo tayari, wanakaa kwenye ngazi za duka lake, na hawafukuzi kwa kuwa wananunua sigara. Mzee Joakimu akasema adabu, adabu. Gerald aliyasikia yote hayo kwa mbali. Alikuwa anamtazama mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa ananyanyuka.

Mama Gaude alikuwa mfupi, mpana, na miguu yake ilikuwa imevimba kwa miaka mingi ya kusimama jikoni. Aliposimama, kelele zilikwisha zenyewe.

"Mimi ni mjane," akaanza. "Mume wangu aliniachia vitu viwili, kiwanja hiki na binti mmoja. Huyu bwana afya namheshimu. Anakula kwangu, chumvi ikizidi anasema, ikipungua anasema. Sasa naona anavitaka vyote viwili."

Barabara nzima ikaangua kicheko. Barazani Gaudensia aliufunika uso wake kwa kipande cha kitambaa cha sare. Mama Gaude mwenyewe hakucheka.

"Msicheke, sijafanya mzaha. Malori yakienda mnadani, madereva watakula mnadani. Mimi nitampikia nani? Wagonjwa? Mgonjwa anakunywa uji, na uji nampa bure, mnajua. Nimemsomesha Gaude kwa masahani ya madereva hawa. Hata cherehani ile imetoka kwenye supu yao. Leo mtu anasimama ananiambia supu basi." Akamgeukia Gerald. Macho yake hayakuwa na hasira. Yalikuwa yanamwomba, na hilo lilimwumiza Gerald kuliko kutukanwa. "Nimemaliza. Namsikiliza yeye."

Gerald alisogea mbele. Alimtafuta Gaudensia kwa macho. Binti alikuwa ameshusha kitambaa usoni na anamtazama bila kutikisa kichwa upande wowote. Alikuwa amemwachia. Hata katika uchovu ule Gerald alimpenda kwa hilo.

"Wazee, shikamooni."

"Marahaba."

"Mama amesema navitaka vyote viwili. Ni kweli." Safari hii hakuna aliyecheka. "Najua pia kwamba nikisema ninachotaka kusema sasa hivi, kuna kimoja nitakikosa. Sitakitaja hapa, si heshima. Anayejua anajua."

Upepo ukapita na vumbi lake.

"Mama, sitakudanganya. Malori yakihama utapungukiwa wateja. Sina cha kukufidia, na ningekuwa nacho ningeona aibu kukupa. Lakini niliona mtu anakunja miguu lori limpite, mtu ambaye tumbo lake lilikuwa limeshonwa juzi yake. Hakulalamika. Hakujua kwamba anaweza kulalamika. Nimeambiwa niseme mabenchi yasubiri. Nimejaribu tangu asubuhi, mdomo umekataa. Naomba malori yahame."

Akarudi nyuma. Hakujisikia shujaa hata kidogo. Alijisikia mtu aliyejichomea nyumba.

Mzee Joakimu akaita mikono ya wanaotaka magari yabaki, ikanyooka mingi. Akaita ya wanaotaka mabenchi, ikanyooka mingi pia, na Perpetua akanyoosha yote miwili.

"Perpetua, shusha mmoja."

"Huu mwingine ni wa mume wangu, amelala."

"Shusha."

Ndipo Gerald akaona mkono wa barazani. Gaudensia alikuwa ameunyoosha nyuma ya cherehani yake, taratibu, huku mama yake anamwangalia. Mkono haukushuka. Mama Gaude akamtazama binti yake kwa muda mrefu, kisha akatazama chini.

Mabenchi yalishinda, si kwa wingi wa kujivunia. Basili akapanda lorini bila ugomvi, akapiga gea, akaondoka, na mahali lilipokuwa lori pakabaki alama za matairi, doa la oili, na uwazi ambao mtaa haukuwa umewahi kuuona. Watu wakausogelea na kuukanyaga, kama wanajaribu kama ni wao kweli.

Wazee walikuwa wameyaacha mabenchi. Gerald aliliendea lililokuwa karibu, akakaa bila kutazama, na alipoinua uso akaona kwamba upande wa pili wa benchi lile lile amekaa Mama Gaude, ameshika goti lake linalouma. Walibaki hivyo, wawili, wanalitazama doa la oili.

"Mama," Gerald akasema polepole. "Nisamehe."

Mama alimgeukia, akamtazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu. Kisha akalitazama benchi. Akaweka mikono magotini, akaguna kwa maumivu, akainuka. Hakwenda popote. Alisimama tu kando ya nguzo, amempa Gerald ubavu, khanga yake ameivuta hadi kichwani.

Mzee Joakimu aliyekuwa anaongea alikatisha maneno. Nicodemo alisema neno la Kiiraqw kwa sauti ya chini. Wanawake wakatazamana, mmoja akafunika mdomo, na kutoka nyuma yao Gerald akasikia kicheko kimetoroka.

Uso ulimwaka moto. Kumbe hata ubao hawezi kuchangia naye! Kwa miaka minne mama huyu alikuwa anamwita jikoni, anamsogezea nafasi kwenye kibenchi chake cha kukatia mboga, wanakaa bega kwa bega, anamwuliza habari za Bukoba na kumcheka anavyomenya vitunguu. Leo, na goti lile bovu, ameona afadhali asimame. Gerald akainuka, akapita katikati ya watu bila kumwangalia yeyote, wala barazani hakugeuka.

Alipofika kwake alishusha begi kutoka juu ya kabati na kuanza kukunja mashati. Kiteto, Simanjiro, popote watakapomtupa. Ataomba kesho. Hakulia. Uchovu ulikuwa umefika mahali ambapo hata machozi yanataka nguvu.

Mlango ulisukumwa bila hodi. Gaudensia alikuwa anahema, viatu vyeupe kwa vumbi.

"Unafanya nini?"

"Nakunja mashati."

"Kwa nini?"

"Gaude, si umeona mwenyewe? Mama yako ameinuka. Mbele ya watu wote. Nimemwomba msamaha, akainuka kama nina ukoma. Mpaka watu wakacheka." Akatia shati begini vibaya, likakunjamana, akalitoa tena. "Nimeshindwa. Nilijua nitakukosa, nilijitayarisha. Ile ya kuinuka sikujitayarisha nayo."

Gaudensia alimtazama. Mdomo wake ulianza kucheza. Akacheka, na kicheko kilipofika katikati kikageuka kilio, akashindwa kukizuia, akajifuta kwa kiganja na kuendelea vyote viwili kwa pamoja.

"Gerald. Hebu niambie. Huko kwenu Bukoba, mama mkwe na mkwewe wanakaa benchi moja?"

Gerald alimkumbuka bibi yake mzaa mama yake, alivyokuwa akizunguka nyuma ya migomba asikutane uso kwa uso na baba yake Gerald, hata kama ni mvua, hata kama ana mzigo. Alilijua hilo tangu hajaanza shule. Mtoto gani halijui? Alikaa kitandani juu ya mashati yake.

"Hawakai," akasema.

"Hawakai. Na kwetu hawakai." Gaudensia alipiga magoti mbele yake. "Miaka minne unaitwa jikoni unakaa naye, unarudi kwangu umefurahi, unaniambia, Gaude, mama yako ananipenda siku hizi, leo amenisogezea nafasi. Mimi narudi kwenye cherehani, mshono unapinda. Kila akikukalisha pale alikuwa anakuambia wewe ni mteja tu, wewe ni mpita njia. Angesemaje tena?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambieje? Nikuambie usikae na mama yangu, ujifanye mkwe kabla hujapewa? Ungeonekana umekosa adabu, na mimi ndiye niliyekufundisha."

"Na waliocheka?"

"Walicheka kwa furaha, wewe mtu! Perpetua analia pale nje mpaka Mzee Joakimu amempa leso. Nicodemo ameuliza harusi lini. Wote wameona. Ni wewe peke yako uliyeona ukoma."

Gerald alizishika kingo za kitanda. "Lakini nimemwondolea malori yake. Kwa nini leo?"

"Nimemwuliza. Amesema amechoka." Gaudensia alivuta pumzi. "Amesema hivyo hivyo. Amechoka kukukataa, kazi yenyewe nzito na huishi kurudi. Na amesema akikukataa leo, Haydom nzima itasema alimnyima mtu binti kwa sababu ya pakingi ya malori. Hilo hawezi kufa nalo. Na aliniona nimenyoosha mkono. Amesema nyumba yake imeshagawanyika, basi afadhali agawane vizuri."

"Ni hayo tu?"

"Ukihamishwa umwambie yeye kwanza, kabla hujaniambia mimi. Ni hayo tu."

Gerald alimvuta. Hapakuwa na kuzungushana wala majirani kutoka nje. Walishikana kichwa kwa kichwa, wazito, kama watu wawili waliotua gunia moja. Alimbusu kwenye nywele zilizojaa vumbi la barabara, akamwambia anampenda, naye akajibu, "Najua, lakini osha uso, unatisha," na sauti yake ilikuwa nyororo kuliko maneno.

Mchana waliingia mgahawani pamoja. Mama Gaude alikuwa kwenye jiko. Alipomwona Gerald mlangoni aligeukia ukuta, akavuta khanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," ukuta ukajibiwa. Kisha, kwa sauti nyingine, "Gaude, mwambie mwenzako chai iko chumba cha nyuma. Na umwangalizie sukari kama inamtosha."

Jana angemmiminia mwenyewe na kumtania kuhusu sukari hiyo hiyo. Gerald aliketishwa peke yake kwenye kiti cha mbao, kati ya magunia ya mahindi, na pazia limeshushwa. Kutoka kule alisikia sufuria, alisikia mama anamgombeza binti, alisikia maisha ya jikoni ambayo kwa miaka minne alikuwa ndani yake. Hataitwa tena kukata mboga. Hatachekwa tena kwa vitunguu. Alikuwa amepata alichokitafuta, na hapo hapo akatambua kwamba mama yule alikuwa amempenda kikweli, kwa namna yake, na kwamba kuanzia leo atampenda kwa mbali. Moyo wake ulifurahi na kuuma, asijue kipi kilianza.

Nje breki zikalia. Lori kubwa lilikuwa limefika kutoka njia ya Singida, la dereva ambaye hakuwa na habari ya mkutano. Gerald alisikia likirudi nyuma kutafuta nafasi yake ya kila siku mbele ya mgahawa. Akasikia na kandambili za Mama Gaude, zinaburuza goti bovu hadi nje, na kiganja kikipiga bodi ya lori kwa nguvu.

"Wewe! Toa hilo gari!"

"Mama Gaude, ni mimi! Nimekuja kula!"

"Lipeleke mnadani, urudi kwa miguu ule. Huoni mabenchi? Hapa siku hizi hapaegeshwi."

"Nani amesema?"

"Mkwe wangu amekataza."

Gerald, nyuma ya pazia, alikiweka kikombe chini, akainamisha kichwa kati ya magunia, akalia.